Kwa Baba, Aliyesomewa Mwisho wa Kitabu Kingine

Umetimia mwaka mmoja leo, Baba, tangu ile Alhamisi asubuhi ulipotuacha, chai ikiwa bado ya moto kwenye chupa na Mama akiwa ameteremka kidogo tu kununua mkate. Mwaka mzima. Tunauhesabu na bado hatuuamini. Kuna siku tunaona kama ulitoka jana tu, umekwenda kazini, na saa kumi na moja utaingia mlangoni vidole vikinuka gundi.

Wenzako wa kiwandani walikuita Mzee Sindano. Miaka thelathini na nne ulikaa kwenye meza ileile ya kujalidi, karibu na dirisha, shazia, ile sindano nene, mkononi, ukishona vitabu vya watu ambao hata hawakujua kama upo. Mashine za kubandika kwa gundi zilipoletwa, wewe ulibaki na uzi wako. Ulisema kitabu cha gundi peke yake hakina tofauti na kiatu cha gundi, kikipata mvua moja kwisha kazi. Msimamizi alikuacha. Alijua vitabu vya maana, vile vinavyotakiwa kudumu, lazima vipite kwako.

Ulikuwa mtu mpole, lakini tukisema ulikuwa na haya tutakuwa tunatia chumvi. Ulikuwa ukiingia nyumbani kwa watu, hata salamu hazijaisha, umeshachomoa kitabu rafuni, umekigeuza, unakagua mgongo wake kama daktari. Mama alikuwa akikukanyaga mguu chini ya meza. Ulikunja kila karatasi iliyokufikia, tiketi, risiti, kadi ya mwaliko, mpaka ikawa ndogo kama kucha. Na kila mtu kwako alikuwa "mwenzangu", awe mwenye nyumba, awe mtoto mchanga wa siku nne.

Lakini raha yako kubwa duniani, ukitutoa sisi, na hata sisi wakati mwingine tulikuwa na wasiwasi, ilikuwa riwaya za kusafiri katika wakati. Mtu anasukuma mlango, anajikuta miaka mia nyuma. Mtu analala kwenye treni, anaamka wajukuu zake wamezeeka. Ulisoma za wakubwa na ulisoma za watoto, bila kubagua. Pale kazini walikutania kwamba mtu mzima mwenye mvi anasoma habari za kitoto kilichojifungia kabatini. Ukawajibu kwamba katika riwaya za wakubwa mtu anarudi nyuma kurekebisha jambo na analiharibu zaidi, na katika za watoto mtoto anarudi nyuma, anacheza, kisha anawahi chakula cha jioni. Ulisema unahitaji zote mbili ili akili ikae sawa.

Wasomaji wa tangazo hili wanaokufahamu kwa mbali hawajui jinsi tulivyokuwa tukisoma nyumbani kwetu, kwa hiyo tuwaeleze, wasije wakadhani tumerogwa. Nakala zilizoharibika kiwandani, jalada limewekwa juu chini au wino umetapakaa, ulikuwa ukiruhusiwa kuzichukua. Nakala moja, wasomaji watano. Badala ya kutuacha tugombane, ulikuwa unakifungua kitabu chote, unakigawa mara tatu, unakishona upya kama vijitabu vitatu, na kila kijitabu unakivika karatasi ya kaki. Jina la kitabu hukuandika. Ulisema jina ni la dukani. Mgongoni uliweka nukta za wino, moja, mbili au tatu, ili mtu ajue ameshika kipande gani. Na ili ajue ni kipande cha kitabu gani, kila kitabu kilikuwa na rangi yake ya uzi. Uzi wa kijani ulikuwa wa yule mtu wa treni. Wa buluu ulikuwa Daraja. Mwekundu ulikuwa Kabati. Hatukufundishwa hata siku moja. Tulikua tu tukijua, kama mtu anavyojua swichi ya taa iko upande gani wa mlango.

Kila mtu alishika kipande kilichokuwa kimebaki. Mama alipenda kuanza na cha tatu. Kaka, ambaye leo ni fundi wa lifti na bado anapenda kujua kitu kinasimama wapi kabla hakijaondoka, alianza na cha pili. Kitinda alichukua chochote. Kisha mezani tunakaa, mmoja anajua mtu kafa, mwingine hajajua hata kama kazaliwa, na marufuku yako kuu ilikuwa kumwaga siri. Tulizungumza kwa mafumbo mpaka chakula kinapoa. Kaka alikuwa na tabia ya kumtazama mwenzake kwa huruma, na hapo unajua kwamba mhusika unayempenda yatamkuta mambo. Kwa riwaya za aina nyingine utaratibu huu ungekuwa wazimu. Kwa hizi zako uliingia vizuri kabisa, maana hata ukianza mwanzo, mwanzo wenyewe mara nyingi ni mwisho.

Mmoja tu alikataa, na unamjua. Binti yako wa kwanza, uliyempa jina la Dozi hata kabla hajawa mfamasia, kwa sababu alikuwa mtoto wa kupima kila kitu. Akiwa na miaka kumi na mitatu alitangaza mezani kwamba mtu hawezi kufika kabla hajaondoka, haiwezekani, na yeye hana muda wa kusoma yasiyowezekana. Hukukasirika. Ulicheka ukamwambia ndiyo maana yameandikwa. Lakini kipande chake uliendelea kumtengea kila mara, na kila mara kilikaa chini ya mto wake wiki nzima, kikatoka kama kilivyoingia.

Na ndiye aliyeondoka na mwisho wa Daraja. Dada alikuwa na miaka kumi na tisa, anakwenda chuoni, anafungasha kwa haraka, na kipande cha tatu, chenye uzi wa buluu, kikazolewa na madaftari. Sisi wengine, hata Mama safari hii, tulikuwa tumesoma cha kwanza na cha pili tu. Injinia wa Daraja, mtu wa makamo, amerudi nyuma miaka arobaini kumtafuta mkewe kabla daraja alilolijenga mwenyewe halijaanguka. Tulimwacha amesimama chini ya nguzo, mbele ya mlango mdogo wa chuma. Kukawa hakuna zaidi ya hapo. Huko chuoni kipande cha tatu kiliwekwa chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba, na meza ikatulia, na Dada akasahau.

Kilirudi baada ya miaka kumi na minane, ndani ya boksi, Dada alipohama nyumba. Wakati huo macho yako yalikuwa yameshaanza kukukatalia. Mama alitaka kukusomea siku ileile, mwenyewe roho juu kwa hamu. Ukakataa. Ulikitia kwenye droo ya kitanda chako ukasema aliyekwenda nacho ndiye atakayekisoma, na asiguse mtu. Kila Dada alipokuja kutusalimia ulimkumbusha kwamba Injinia bado amesimama pale mlangoni, miguu inamuuma. Naye kila mara alijibu, "Nikipata nafasi, Baba." Alikuwa hadanganyi. Duka la dawa linafunguliwa asubuhi, linafungwa jioni, na katikati kuna watu wagonjwa.

Ikaja mwaka jana, ukalazwa. Wodi ya ghorofa ya pili, kitanda cha karibu na dirisha. Daktari alituita pembeni akatuambia ya kutuambia. Dada alichukua likizo yake yote ya mwaka kwa mpigo, akaja akakaa. Siku ya kwanza tu ukamwambia, "Sasa nafasi umeipata." Jioni ile alipita nyumbani kwenu, akasimama mbele ya rafu, akachukua chenye nukta moja na chenye nukta mbili, vya buluu, kwa kuwa Kaka alimwonyesha kwa kidole. Kisha Kaka akaitwa kwa simu, kuna lifti imekwama na watu ndani, akatoka mbio. Dada, asiyejua habari ya droo, akatafuta chenye nukta tatu. Kilikuwepo palepale pembeni, kaki ileile, nukta zilezile. Akakitia mkobani.

Siku saba alikusomea, asubuhi na alasiri. Kipande cha kwanza ulikuwa unakijua kwa moyo, cha pili vilevile, lakini yeye hakuvijua, na hapo ndipo tulipoona maajabu. Dozi, yule wa haiwezekani, alikolea. Muuguzi akija kumwambia muda wa kutazama wagonjwa umekwisha, anaomba kurasa mbili tu. Siku moja Kitinda alimkuta amesimama anasoma, mkono mmoja hewani, anaigiza Injinia akibishana na mlinzi wa daraja, na mgonjwa wa kitanda cha pili amegeuka ubavu ili asikie vizuri. Wewe ulikuwa umefumba macho na mdomo umeachia tabasamu.

Jumanne akafungua kipande cha tatu. Kilianza hivi: mlango ulikuwa mzito, ikabidi kuusukuma kwa bega. Sawasawa kabisa, Injinia si alikuwa mlangoni? Akaendelea. Nusu ya ukurasa mbele akasita, akarudi mstari wa juu, akasoma tena kimoyomoyo.

"Baba," akasema, "Injinia amekuwa mtoto wa kike. Ana miaka tisa, na plasta gotini."

Nawe bila kufumbua macho ukamwambia, "Endelea tu. Mambo ya wakati haya, huwezi kujua."

Akaendelea. Na kwa kuwa ni mtu wa kupima, hakukubali kuacha jambo likining'inia, akaanza kukueleza. Kwamba pale mlangoni Injinia alipitiliza, badala ya miaka arobaini akaenda zaidi, na mtambo wa kusafiri katika wakati ukakosea na jinsia. Kwamba yule mtoto mwingine wa kike anayekutana naye kwenye stoo ya shule bila shaka ndiye mke aliyekuwa akitafutwa. Ulimuuliza daraja lenyewe liko wapi. Akafikiri, akasema ni lile benchi wanalovuka kwenda dirishani, ni daraja la mfano. Ukamwambia hapo amekuweza. Mama alikuwa kwenye kiti cha kona, kichwa kimelala kifuani, na Dada akawa anapunguza sauti asimwamshe.

Jumatano alasiri akafika mwisho. Watoto wawili wanaagana kwenye stoo, mmoja lazima arudi kwenye wakati wake kupitia kabatini, na anayebaki anaambiwa kwamba siku moja atakuwa bibi yake huyu anayeondoka, avumilie tu, wataonana. Dada alilia, Baba. Alilia kwa kwikwi mbele ya wodi nzima, maana kwake yeye wale walikuwa mume na mke. Ulinyoosha mkono ukamshika kidole gumba, kama ulivyokuwa ukimshika barabarani alipokuwa mdogo.

"Ahsante, Dozi," ukamwambia. "Sasa mwisho nimeujua."

Kesho yake asubuhi ukaenda.

Msiba ulipita, watu wakaja, watu wakarudi makwao. Kati yetu wote Dada ndiye aliyejikaza. Tulimsikia akimwambia jirani kwamba angalau Baba hakuondoka na deni la kitabu, amesomewa mpaka nukta ya mwisho. Alilisema hilo mara nyingi, na kila akilisema uso wake unatulia.

Mwezi wa tatu tangu utuache, mjukuu wako, binti wa Kitinda, alikwenda kulala kwa Dada siku mbili. Ana miaka minane, ameshaingia kwenye ugonjwa wako wa riwaya, na alikuwa na Kabati cha kwanza na cha pili kwa muda mrefu akitafuta cha tatu. Mkoba wa hospitali ulikuwa umetundikwa nyuma ya mlango. Akauona, akapekua, akatoka nacho mkononi anafurahi. Dada alikuwa anapasi koti lake jeupe la kazini.

"Mama Mkubwa, kumbe kiko kwako," mtoto akasema. "Nilikitafuta kila mahali."

Dada akamwambia hicho ni cha Injinia. Mtoto akamwangalia kwa ule upole wenu wa watu wanaojua zaidi, akamwonyesha mgongo, uzi mwekundu, akamfafanulia kwamba buluu ndiyo Daraja na mwekundu ni Kabati, na kwamba msichana mwenye plasta amekuwa na plasta tangu kipande cha kwanza. Dada akachukua cha kwanza, ambacho mtoto alikuja nacho, akasoma kurasa tatu akiwa amesimama. Pasi ikaunguza mkono wa koti, na ni mtoto aliyeichomoa kwenye umeme.

Tumekuja kuyajua haya yote juzi tu. Mtoto aliombwa asimwambie Bibi, na alikaa kimya miezi tisa kama mtu mzima. Na Dada akabeba mzigo ule peke yake. Fikiria, Baba, mtu anayesoma lebo kutwa, ambaye tangu aanze kazi hajawahi kumpa mtu chupa isiyo yake. Sasa akawa anasoma kila lebo mara tatu, mara nne, anarudia kumwita mgonjwa aliyeshafika barabarani. Foleni ikawa inatoka nje ya mlango. Mwenye duka alimwita kwa adabu, akamuuliza kama macho yanamsumbua. Nyumbani hakushika kijitabu chako chochote. Tukikutaja anatoka kwenda kuangalia kitu jikoni. Sisi tulidhani ni majonzi ya kawaida, tukamwachia nafasi, na nafasi yenyewe ndiyo iliyozidi kumla.

Alikuwa akiwaza jambo moja tu. Kwamba wewe ulingoja mwisho ule miaka ishirini na ushee, kwa sababu yake, na alipopata siku moja ya kukulipa alikupa mwisho wa kitabu kingine, nawe ukamwamini, ukashukuru, ukaenda umedanganywa. Yeye asiyeamini mambo hayo alianza kutamani mtambo. Alikuwa akilala na ile jioni ya rafuni, anajiona anasimama pale tena, ananyoosha mkono, na safari hii anaangalia uzi.

Jumapili iliyopita tulikutana nyumbani, baada ya chakula cha mchana, kuandika tangazo hili. Kaka alishika kalamu kwa kuwa mwandiko wake unasomeka. Tukaanza na orodha ya wanaokukumbuka, tukidhani ndiyo sehemu rahisi. Mama, wa kwanza. Kaka akaandika Dada, wa pili.

"Mimi usiniandike," Dada akasema.

Tulidhani anatania. Kaka akamuuliza kama anataka aandikwe kwa jina la kazini au la utotoni. Akarudia, asiandikwe kabisa. Kalamu ikabaki hewani. Kisha akatueleza, polepole, macho mezani, tangu rafuni mpaka kwenye pasi. Hakujitetea popote. Alisema mtu anayekumbuka ni lazima kwanza awe amemtendea haki anayemkumbuka, na yeye alikuwa na kazi moja, moja tu, akaikosea, na baba yake hakuwa na nafasi ya pili. Kitinda akaanza kulia. Mtoto akasogea akakaa chini karibu na miguu ya Mama Mkubwa wake. Kaka, anayejua kutengeneza kila kilichokwama, alikuwa anafunga na kufungua kifuniko cha kalamu.

Mama alikuwa anazungusha kikombe chake mezani. Unamjua Mama, miaka ishirini na saba nyuma ya dirisha la posta, siri za watu zimepita mikononi mwake kwa magunia na hakuna hata moja iliyowahi kumponyoka. Akasukuma kikombe pembeni.

"Nani alikwambia mimi nilikuwa nimelala?" akasema.

Dada akainua uso.

Mama akasema kwamba siku ile ya Jumanne, Dada aliposoma mstari wa kwanza tu, mlango mzito, bega, yeye alishajua, na akakutazama wewe, nawe ulishafumbua jicho moja unamtazama yeye. Nani nyumbani kwetu asiyejua kipande cha tatu cha Kabati kinavyoanza? Dada alipotoka kumwita muuguzi kwa ajili ya maji, Mama aliinuka akakuinamia, akakunong'oneza kwamba hiki sicho, chenyewe kiko kwenye droo, akimbie akakilete?

"Baba yenu akanishika mkono kwa nguvu, nguvu ambazo sikujua anazo bado," Mama akasema. "Akaniambia, 'Thubutu. Miaka yote hii ndiyo kwanza binti yangu ananisomea. Niachie na Injinia wangu wa plasta.'"

Akaendelea, maana alishafungua mdomo. Ulimwapisha asiseme, kwa kuwa Dozi akijua ataona aibu na ataacha kusoma. Naye akashika kiapo mpaka juzi, akiamini kwamba Dada hajui na ana amani. Akatuambia ile mitikisiko ya kifua chako, ambayo Dada aliidhani kikohozi mpaka akakuongezea mto, haikuwa kikohozi hata kidogo. Ulikuwa unajizuia kucheka. Benchi lilipokuwa daraja, Mama alisema, ilibidi na yeye akilaze kichwa zaidi. Na Jumatano, Dada alipokwenda kunawa uso baada ya kulia, ulimwambia Mama kwamba hicho kitabu umekishona mwenyewe, umekisoma mara sita, na hukuwahi kukielewa hivyo.

Dada aliweka viganja viwili usoni, na mabega yakaanza kutikisika, na kwa dakika nzima hatukujua ni kilio au ni nini. Kumbe vyote viwili. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, analia, anafuta pua kwa kona ya kitambaa cha meza na Mama hakumkanya. Hatujamsikia akicheka vile tangu uondoke.

Kisha Mama akaingia chumbani akatoka na chenyewe, uzi wa buluu, alama ya mguu wa meza bado imebonyea kwenye kaki. Akakiweka mbele ya Dada. Tukamsikiliza wote, mtoto mapajani mwa Kitinda, mpaka chai ikawa maji. Hatukufichi, Baba, ni mwisho wa kawaida. Injinia anamwona mkewe kwa mbali, daraja linaanguka vilevile, na kurasa nne za mwisho ni barua ndefu kwa wakili. Kaka aliuliza kama ndiyo hivyo tu. Ndiyo hivyo tu. Mama akasema alikuwa na wasiwasi tangu kipande cha pili kwamba mwandishi amechoka.

Mjukuu wako ndiye aliyeuliza, kwa sababu watoto huuliza. Alitaka kujua kama Mama Mkubwa angepewa kurudi ile jioni, asimame tena mbele ya rafu, na sasa anajua rangi zote, je, angechukua kipi.

Dada hakufikiri sana.

"Ningerudi hata sasa hivi," akasema. "Na ningechukua chenye uzi mwekundu."

Akamnyang'anya Kaka kalamu, akaandika jina lake mwenyewe.

Unakumbukwa na mke wako, aliyekuwa karani wa posta. Na binti yako wa kwanza, mfamasia, aliyekusomea. Na mwanao, fundi wa lifti. Na kitinda mimba wako, mwalimu wa chekechea. Na mjukuu wako, ambaye sasa ndiye mwenye funguo za rafu. Pamoja na wakwe zako, ndugu zako, na wenzako wote wa meza ya kujalidi.

Pumzika, mwenzetu. Leo, kesho na huko mbele kote, tutakukumbuka.